Vizibo vya oili vilivyogoma kufunguka: anza na cha kujazia (uzi wa wanaojihudumia gari nyumbani)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wanaojibadilishia oili za gari nyumbani, na hasa wale ambao wamewahi kulala chini ya gari, wakaweka spana kwenye kizibo cha difu (nyumba ya gia iliyo kati ya magurudumu mawili) au cha giaboksi, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na kizibo kisitikisike. Ninaposema kizibo nina maana ya kile ambacho wengine wanakiita nati ya sampo (beseni la oili lililo chini ya injini), nati ya difu au plagi: bolti fupi inayoziba tundu la kumwagia oili au la kujazia.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha jambo ambalo ningependa lisomwe hata na atakayeishia kwenye aya hii. Miaka kadhaa iliyopita niliamua kubadilisha oili ya giaboksi ya gia za mkono. Kizibo cha chini kilifunguka bila taabu, oili ikatoka yote, nikafurahi, nikakirudishia kwa washa mpya (pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha kizibo). Kisha nikageukia cha kujazia, kilicho ubavuni, nacho kikakataa katakata. Soketi niliyokuwa nayo ilikuwa ya pembe kumi na mbili, tena imechakaa, na nilipochomeka bomba kwenye mpini ili nipate nguvu, kona zote sita za kichwa zililika kwa mvuto mmoja. Nikabaki na giaboksi kavu, kizibo kisicho na kichwa, na gari lisiloweza kusogea kwenda kutafuta msaada. Tangu siku hiyo, iwe ni giaboksi, difu au sanduku la kugawia nguvu kwenye magari yanayovuta kwa magurudumu manne, sigusi kizibo cha kumwagia kabla sijalegeza cha kujazia. Wala siridhiki kwamba kinaonekana kizima. Nakilegeza mpaka kizunguke kwa vidole, ndipo ninapoweka beseni chini. Kikikataa, oili ya zamani ingali ndani, gari linatembea, nami nina muda wa kufikiri.

Oili ya injini haina shida hiyo, kwa sababu kifuniko cha kujazia hufunguliwa kwa mkono. Yenyewe ina mtego mwingine, yaani kutambua kizibo sahihi. Kwenye magari kadhaa ya Subaru, kwa mfano, vizibo vya injini, vya giaboksi na vya difu ya mbele vimekaa karibu karibu, na wapo waliomwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakaongeza oili ya injini juu ya ile ya zamani ambayo haikutoka. Kabla ya spana kugusa chuma, fuata kwa macho mahali kizibo kilipo: kimeingia kwenye sampo iliyo chini ya injini, au kwenye mwili wa giaboksi?

Sasa nije kwenye kugoma kwenyewe. Kichwa cha kizibo unacho kimoja, na kikishaharibika kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku mbili. Kwa hiyo swali la kwanza si "niongeze nguvu kiasi gani", bali "chombo changu kimekishika kizibo kwa ukamilifu?" Kwa vichwa vya nje vyenye pembe sita, tumia soketi ya pembe sita, ambayo hukamata bapa za kichwa badala ya ncha za kona. Vichwa vya vizibo vingi ni vifupi, na soketi nyingi zimechongwa mteremko mdogo mdomoni ili ziingie kwa urahisi, hivyo milimita moja au mbili za mwanzo hazishiki kitu. Mimi nina soketi moja ambayo niliisaga mdomo kwa grainda mpaka ikawa bapa kabisa, kwa ajili ya vizibo tu, na sijawahi kujuta.

Kwa vizibo vyenye tundu la ndani, shida kubwa ni uchafu. Tundu la pembe sita au la mraba lililo chini ya difu hujaa tope lililokauka, lami na kutu, na mtu huingiza ufunguo wake nusu ya kina akidhani umefika mwisho. Lichokonoe kwa msumari mpaka uone sakafu yake inang'aa, kisha gonga ufunguo kwa nyundo hadi ukae. Vipimo navyo havifanani: injini nyingi za Toyota zina kichwa cha milimita 14, giaboksi nyingi za Volkswagen zinataka ufunguo wa pembe sita wa milimita 17, Renault wamependa mraba wa milimita 8 kwenye sampo, giaboksi za Honda za gia za mkono zina mraba wa inchi 3/8, na difu ya nyuma ya Subaru nyingi huingia mraba wa inchi 1/2 moja kwa moja kutoka kwenye mpini wa soketi. Anayelazimisha kipimo "kinachokaribiana" ndiye tutakayemsoma hapa chini akiomba msaada.

Kuhusu upande wa kuzungusha: kinyume cha saa, ukiwa umekitazama kichwa cha kizibo uso kwa uso. Naliandika hili bila aibu, kwa sababu mtu akilala chali na kuangalia kizibo kwa pembeni, ubongo humgeuka, akakaza kile alichokusudia kulegeza. Pengine nusu ya ukaidi tunaoulaumu ulitoka mikononi mwetu.

Karibuni kwa maswali na mapingamizi.

#2 Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa somo. Naomba kuuliza: kwa nini vizibo hivi hugoma hasa? Kizibo cha sampo kila siku kinaloweshwa na oili kwa ndani, sasa kutu inaingiaje?

#3 Mwanzisha uzi

Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloamua tiba.

Sababu ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni mkono wa binadamu aliyekifunga mara ya mwisho. Kizibo cha sampo cha magari mengi madogo hukazwa kwa niutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 30 hadi 45 hivi. Mtu akishika mpini wa sentimita 25 na kuuvuta kwa nguvu ya niutoni 400, ambayo si kubwa kwa mtu mzima aliyejikita vizuri, tayari amefikisha 100. Akitumia mashine ya upepo ya kufungia nati za magurudumu, anapita hapo bila kuhisi chochote. Kwa hiyo kizibo hakikugoma. Kilikazwa zaidi ya mara mbili ya kinavyotakiwa, na wewe unadaiwa nguvu ileile, pamoja na riba ya miaka.

Sababu ya pili ni washa. Sehemu kubwa ya nguvu inayotumika kukaza bolti, takriban nusu yake, huishia kwenye msuguano chini ya kichwa, na nyingine nyingi huliwa na msuguano wa nyuzi (mizunguko iliyochongwa kwenye bolti na ndani ya tundu lake). Washa ya shaba au ya alumini iliyotumika mara tatu nne hubanwa, hujichora, na hung'ang'ania uso wa sampo pamoja na uso wa kichwa.

Ya tatu ni kutu yenyewe, ambayo haitokei ndani kwenye oili bali nje, kwenye ukingo ambapo kichwa kinakutana na mwili. Pale ambapo kizibo cha chuma kimeingia kwenye nyumba ya alumini na maji ya chumvi yakapenya, ni alumini ndiyo huliwa, na unga wake mweupe hujaza kila nafasi iliyokuwapo. Ya nne inahusu vile vizibo visivyo na washa kabisa, vyenye nyuzi zinazopungua unene kuelekea ndani. Hivyo huziba kwa kujikaba kama kabari, na mara nyingi vimepakwa dawa ya kuzuia mvujo ambayo imekauka ikawa kama gundi.

#4 Mchangiaji

Nina pingamizi dogo, wakuu. Kila anayekwama anashauriwa apulizie mafuta ya kupenyeza kisha asubiri usiku kucha. Kutokana na maelezo ya #3 hapo juu, nadhani ushauri huo unarudiwa kwa mazoea tu. Kama kizibo kina washa iliyobanwa vizuri, washa hiyo imewekwa pale ili kitu cha majimaji kisipite, na kama haipitishi oili kutoka ndani, haitapitisha mafuta ya kupenyeza kutoka nje. Unaloweza kulainisha ni ukingo wa washa tu. Kwenye vizibo vya kabari visivyo na washa, hapo nakubali, kwa kuwa nyuzi zinaanzia juu na kutu iko wazi: pulizia, gonga, subiri, rudia kwa siku mbili tatu huku gari likiendelea na safari zake.

Wapo wanaochanganya asetoni na oili ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hupenya vizuri, lakini asetoni hushika moto upesi mno, kwa hiyo asiyesahau hilo ndiye autumie, na asiuweke siku moja na mwali wa gesi.

Ninachokiamini mimi kwa vizibo vyenye washa ni nyundo. Weka kipande cha chuma laini au cha shaba katikati ya kichwa, kisha piga mapigo makavu matano sita, si ya kubembeleza wala ya hasira. Mtikisiko huo huvunja mshiko wa washa na nyuzi kuliko kopo zima la dawa. Ila angalia unachokipiga: sampo ya bati itabonyea, na nyumba nyembamba ya alumini inaweza kupasuka, kwa hiyo pigo lielekezwe kwenye kizibo chenyewe na liwe la kadiri.

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu wa #4, nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa. Ningeongeza tu kwamba baada ya nyundo, jaribu kwanza kukikaza kizibo kidogo sana, kiasi cha kuhisi kimetikisika, ndipo ulegeze. Mshiko wa kutu haujali unauvunja kwa upande gani. Usifanye hivyo pale ambapo kizibo kimeingia kwenye alumini na unashuku kwamba tayari kimekazwa kupita kiasi, maana utazing'oa nyuzi.

Kuhusu urefu wa mpini, hesabu ni nyepesi: nguvu ileile ya niutoni 400 kwenye mpini wa mita moja inatoa niutoni-mita 400. Hiyo ni nguvu ya kufungua karibu kila kizibo, na pia ni nguvu ya kukata kichwa, kuvunja kiungo cha soketi, au kulisukuma gari litoke kwenye stendi. Ndiyo maana racheti (mpini wa soketi wenye meno, unaozungusha upande mmoja tu) haifai hapa, kwani meno yake ya ndani hayakutengenezwa kwa mzigo huo. Tumia mpini mrefu usio na racheti, viungo vifupi kadiri iwezekanavyo, na mkono wa pili uwe umekishikilia kichwa cha mpini kisiinuke. Jipange ili uvute kuelekea kwako badala ya kusukuma, kwa sababu kizibo kikiachia ghafla, ngumi inayosukuma huishia kwenye chuma.

Na hapa niwe mkali kidogo. Mtu anayevuta mpini wa mita moja akiwa chini ya gari lililosimama juu ya jeki pekee anacheza na uhai wake. Gari liwe juu ya stendi zilizokaa kwenye sakafu ngumu, magurudumu yanayobaki chini yawekewe vizuizi, na kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa bega uone kama linacheza. Nimesikia pia wale wanaoweka jeki chini ya mpini wa spana na kuipampu ili izungushe kizibo. Njia hiyo huanza kwa kuliinua gari kutoka kwenye stendi zake kabla kizibo hakijafikiria kusogea, na kwa hiyo siwezi kuishauri.

#6 Mchangiaji

Mbona hakuna aliyetaja joto? Nilipokuwa nikijifunza kazi, mwalimu wangu alikuwa akituambia tuliendeshe gari kwanza ndipo tufungue.

#7 Mchangiaji wa #4

Ndugu, inategemea nyumba imetengenezwa kwa madini gani. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi, alumini hutanuka kwa sehemu 23 hivi katika milioni, na chuma kwa sehemu 12 hivi. Tundu la milimita 20 kwenye giaboksi ya alumini, likipata joto la digrii 80 zaidi, hupanuka kwa kiasi cha milimita 0.037, ilhali kizibo chake cha chuma hunenepa kwa 0.019 tu. Pengo hilo la karibu milimita 0.02 linaonekana dogo, lakini ndilo linalotofautisha kizibo kilichobanwa na kizibo kilichopumua. Kwa hiyo giaboksi ya alumini ikitoka safarini ikiwa ya moto, fungua wakati huo, ukiwa na glavu, na ukijua kwamba oili ya moto huunguza vibaya.

Difu nyingi za nyuma za magari ya mizigo ni za chuma cha kusubu, na hapo kizibo na nyumba hutanuka karibu sawasawa, hivyo safari haitakusaidia sana. Inabidi joto liende upande mmoja tu: pasha nyumba kuzunguka kizibo, upesi, kwa mwali mdogo wa gesi, huku kizibo kikibaki na ubaridi wake. Wengine hufanya kinyume, wanakipasha kizibo chenyewe kitanuke na kuikandamiza kutu, kisha wanakiacha kipoe na kusinyaa. Njia zote mbili hufanya kazi. Huhitaji chuma kiwe chekundu. Tone la maji likichemka na kurukaruka juu yake, panatosha.

Masharti ya mwali hayajadiliwi: safisha oili na grisi yote ya nje, hakikisha hakuna tangi la mafuta, bomba la breki wala mpira karibu, hakikisha tundu la kupumulia la difu halijaziba, na uwe na kizima moto mkononi, si ndani ya nyumba. Wenye magari ya zamani wajue pia kwamba kuna nyumba zilizosubiwa kwa aloi ya magnesi, kama zile za injini za Volkswagen Beetle za kupoozwa kwa hewa. Magnesi na mwali havikai pamoja.

#8 Mchangiaji mpya

Wakuu, ninaandika nikiwa na difu ya nyuma ambayo imenishinda. Kizibo cha kujazia kina tundu la pembe sita la milimita 10, na ufunguo wangu umekwisha kulizungusha likawa karibu duara. Nashukuru kwamba nilisoma #1 kabla sijagusa cha kumwagia. Nyumba ni ya chuma cha kusubu. Nifanyeje?

#9 Mwanzisha uzi

Pole, ndugu, lakini ujue kwamba uko mahali pazuri kuliko nilipokuwa mimi, kwa kuwa gari lako bado linatembea.

Kwa tundu la pembe sita lililolika, jaribu biti ya nyota, yaani ncha yenye miale sita, ambayo saizi zake huandikwa kwa herufi T na namba. Ile ya T55 ina kipenyo cha nje cha milimita 11 na kidogo, kwa hiyo ikigongwa ndani ya tundu la milimita 10 ncha zake hukata njia mpya kwenye kuta zilizolika. Kwa tundu la milimita 8, T50 hufanya kazi hiyohiyo. Chokonoa tundu kwanza, weka biti wima, igonge mpaka sauti ya nyundo ibadilike kutoka butu kuwa kali, na hapo utajua imefika sakafuni. Faida ya pili ni kwamba mapigo hayo ndiyo yaleyale ya #4, yanayovunja mshiko. Kisha tumia mpini mrefu na uvute polepole bila kuchezesha pembeni, kwa maana biti ni ngumu lakini hukatika kama pipi ikipindwa.

Ikishindikana, pasha nyumba kama #7 alivyoeleza, kisha urudie kabla haijapoa.

#10 Mchangiaji

Naomba niongeze kwa wenye vichwa vya nje vilivyolika, maana njia zipo kadhaa na mpangilio wake ni muhimu. Anza na zile ambazo zikishindwa hazitakufungia njia inayofuata.

Soketi ndogo kidogo igongwe kwa nyundo: kichwa cha milimita 13 kilicholika mara nyingi hukamatwa na soketi ya inchi 1/2, ambayo ni milimita 12.7. Zipo pia soketi maalumu za kung'olea zenye meno ya ndani yaliyojipinda, ambayo kadiri unavyolegeza ndivyo yanavyozidi kuuma, na kwa kweli kama unafanya kazi hizi kila mwaka ni vema uwe na seti yake. Bila hizo, chukua tupa uchonge bapa mbili mpya zinazotazamana, upate kipimo cha chini yake kinachobana. Koleo la kujifunga husaidia kama kichwa ni kirefu. Kwa vichwa vifupi hutafuna tu kilichobaki.

Kwa vizibo vyenye washa ya shaba au alumini kuna njia ambayo sijaona ikitajwa hapa, nayo ni kuikata washa yenyewe. Chukua tindo jembamba, uliweke kwenye ukingo wa washa, uipasue. Kwa kuwa washa ndiyo iliyobeba mgandamizo wote, ikishapasuka bolti hupoteza mvutano wake na inaweza kutoka kwa nguvu ya kawaida. Elekeza tindo upande wa kichwa, usije ukauchora uso wa sampo, ambao ndio utakaoziba baadaye.

Baada ya hapo ndipo huja tindo kubwa: chimba kovu kwenye ukingo wa kichwa, kisha ulipige kwa mshazari kuelekea kinyume cha saa. Kuchomelea nati juu ya kizibo ni dawa kali inayofanya kazi vizuri, kwa kuwa joto na kichwa kipya hupatikana kwa pamoja, lakini mimi ningemwachia fundi wa kuchomelea. Betri ichomolewe, na kamba ya ardhi ya mashine ibanwe karibu kabisa na kizibo, kwa sababu umeme ukipita kwenye beringi za difu au giaboksi huzichoma. Kutoboa kwa drili kunabaki mwisho kabisa, drili ikiwa imepakwa grisi ili ishike vipande, na baada yake sharti uoshe ndani.

#11 Mchangiaji wa #6

Na kama kizibo cha kujazia hakitoki kabisa, hakuna njia nyingine ya kuingiza oili?

#12 Mwanzisha uzi

Ipo, na ndiyo iliyonitoa mimi siku ile. Giaboksi nyingi za gia za mkono zina swichi ya taa ya kurudi nyuma, au tundu la kebo ya spidomita, vilivyo juu ya usawa wa oili. Ukivifungua unaweza kujaza kwa mpira na faneli. Kwenye difu, wengine hupitisha oili kwenye tundu la kupumulia, kazi inayohitaji subira kubwa, na difu zenye kifuniko cha nyuma hufunguliwa kifuniko. Kumbuka kwamba kwa njia hizi huna tundu la kukuonyesha usawa, kwa hiyo ingiza kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, au angalau ulinganishe na kilichotoka, kama una hakika kwamba hapakuwa na mvujo.

Kama kinachogoma ni cha kumwagia peke yake, hakuna haja ya kupigana nacho leo. Oili ya injini hunyonywa kwa pampu kupitia tundu la kijiti cha kupimia, na ya difu hunyonywa kupitia tundu la kujazia. Masimbi kidogo yatabaki chini, lakini ni bora kuliko sampo iliyopasuka.

Tahadhari kwa wenye giaboksi za otomatiki za kisasa: nyingi zina kizibo cha tatu cha kupimia usawa, na ndani yake kuna kibomba cha kufurikia, pengine cha plastiki. Usawa hupimwa injini ikiunguruma na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji. Ukigonga nyundo huko bila kujua unagonga nini, utakivunja kibomba hicho.

#13 Mchangiaji wa #8

Wakuu, narudi na majibu. T55 iliingia kwa mapigo kumi hivi. Mvuto wa kwanza haukuleta kitu, wa pili biti ilianza kujipinda nikaacha. Nikasafisha oili yote ya nje kwa brashi ya waya na sabuni, nikakagua tundu la kupumulia, nikapasha nyumba kuzunguka kizibo kwa muda wa dakika nne, nikarudisha biti na kuvuta. Kililia kama mlango wa zamani, kisha kikaachia. Nyuzi zake zilikuwa zimejaa silikoni nyekundu iliyokauka, juu ya washa, kama vile aliyekifunga hakuiamini hata moja kati ya hizo mbili.

Swali langu ni kuhusu kurudishia. Niweke nini ili nisirudi hapa mwakani?

#14 Mwanzisha uzi

Hongera sana, ndugu. Hicho ulichokitoa kitupe, uweke kipya. Nyuzi za nyumba zisafishe kwa brashi na kitambaa, uondoe silikoni yote ili isiingie kwenye oili. Kama kizibo kina washa na nyuzi zake ni za unene mmoja, hakihitaji silikoni wala tepu. Kinahitaji washa mpya na uso safi tu. Dawa ya nyuzi ni ya vile vizibo vya kabari. Washa ya shaba inaweza kutumika tena iwapo utaipasha hadi iwe nyekundu hafifu kisha ikapoa, kwa kuwa joto hulirudisha lile shaba gumu kwenye ulaini wake. Ya alumini usihangaike nayo, badilisha.

Anza kuzungusha kwa vidole. Kikikwama kabla ya kuingia mizunguko mitatu, kitoe, kwa sababu nyuzi zimepandana. Maliza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu. Ukipaka grisi ya kuzuia kuganda, jua kwamba nyuzi zilizolainishwa hukazika zaidi kwa nguvu ileile, kwa hiyo punguza. Na kama kizibo kina sumaku, kifute na ukitazame: uji mwembamba wa rangi ya kijivu ni wa kawaida, ila vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine inayostahili uzi wake.

#15 Mchangiaji wa #8

Nimefanya hivyo. Oili ya zamani nimeikusanya kwenye dumu lenye kifuniko niipeleke kwa wanaoipokea, na vyote viwili nimevikaza kwa kipimo. Kwa kumbukumbu za watakaosoma baadaye: kile cha kumwagia, ambacho ndicho nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo kwa sababu kilikuwa kimefunikwa na kutu, kilifunguka kwa mkono mmoja.